Madirisha Matatu

Umeshalipa, Delbert, pesa nimezihesabu mara mbili,
gari ni lako, turubai lake na kutu yake.
Ila usiyabebe madirisha namna hiyo,
umeyakumbatia kama kuni.
Yaweke chini. Si kwenye saruji!
Hapo, juu ya zulia.

Hii ni plastiki, si kioo.
Kioo kikivunjika hupiga kelele, jirani akasikia;
hii hujikunja kimya, na mkunjo ukishaingia hautoki,
kama neno ulilomwambia dada yako siku ya mazishi.
Na baridi ya huku unaijua.
Oktoba ukitaka kuyarudisha, yalaze kwanza karibu na jiko
mpaka yalegee. Usiyalazimishe.

Dukani Houghton wanauza mfuko wake maalumu,
mweusi, una zipu na vyumba vya ndani.
Dola themanini. Niliupapasa,
nikaurudisha kwenye ndoano yake,
nikaenda kunywa kahawa.
Nyumbani kulikuwa na shuka la flaneli
lililokwisha katikati, pale tulipolala,
lakini kingo zake zilikuwa bado nzima.
Nikakata kingo. Nikashona mifuko mitatu
kwa cherehani ya mama mkwe, ile inayorukaruka ikifika pindoni.
Tazama mshono wenyewe: umelewa.
Lakini ni mwaka wa kumi na moja huu, haujaachia hata uzi.

Kabla ya hapo Urho alijaribu yake.
Aliyasukuma nyuma ya kochi; yakatoka yamepinda
kama masikio ya mbwa.
Akaomba bomba la kadibodi kwa wauza mazulia, la bure,
akayaviringisha humo vizuri kabisa,
kisha akafunga kwa kamba ya katani, mtu yule,
akakaza kama anafunga mzigo wa kwenda Chicago.
Mpaka leo hapa pana alama ya kamba. Pitisha kidole.
Mwaka uliofuata, hanga za suruali,
kila taya nimeivisha kitambaa cha soksi,
tukayaning'iniza kwenye boriti za banda
yakawa yanacheza kwa upepo mlango ukifunguliwa.
Ile ilikuwa njia nzuri. Panya nao waliipenda.

Kwa hiyo: shuka, halafu chini ya kitanda, bapa,
na juu yake usiweke kitu. Hata viatu.
Futa vumbi kwa maji kwanza; ukipangusa makavu
unayapiga msasa mwenyewe.
Na uandike, kushoto, kulia, kwa kalamu kwenye shuka.
Mali bila daftari, unajua mwisho wake:
utasimama kwenye mvua na zipu isiyokubali.

La nyuma?
La nyuma lipo.
Liko chini ya kitanda, upande wa Urho.
Lina mikwaruzo, nakuambia mapema usije ukanidai.
Miaka kumi na tisa nilipeleka barua kwa gari hili,
Pulla akisimama huko nyuma kati ya vifurushi,
na kila niliposhuka kwenye sanduku la mtu
alikuwa akiipiga plastiki kwa kucha,
asubuhi nzima, nyumba baada ya nyumba,
kana kwamba safari hii sitarudi.
Dawa ya kung'arisha ninayo. Chupa haijafunguliwa.
Jioni jua likiingia kwa nyuma
mikwaruzo yote huwaka, na njia huioni hata kidogo,
inabidi uendeshe polepole.

Chukua haya mawili.
Redio imesema hakuna mvua mpaka Jumapili.
La tatu njoo ulichukue Jumamosi, si asubuhi sana.
Mfuko wake umefumuka mshono,
nataka niushone kwanza.